Salamu ya Pili

Kama umeitwa mbele ya bodi ya madaktari wakupime ulemavu wako, soma haya kabla hujapiga shati pasi. Mimi nilipiga. Mamangu alinifukizia udi, nikanyoa ndevu, nikavaa viatu ambavyo ungeweza kujitazama ndani yake. Nilikwenda kuthibitisha kwamba mimi ni mgonjwa huku nimejipamba kama bwana harusi, na bodi ikaniamini kwa mapambo yangu.

Naitwa Bakari. Kwetu ni Milalani, karibu na Msambweni. Chuo kikuu nilisoma historia, na nilipohitimu niliandika barua za kuomba kazi mpaka nikazichukia bahasha. Jeshi lilipokuja Kwale kuandikisha, nilikimbia kiwanjani pamoja na vijana wengine, tukakaguliwa meno na nyayo, nikachukuliwa. Mamangu alilia, kisha akapika pilau. Mimi ni mtu wa kuuliza maswali tangu utotoni, na jeshini swali ni kitu cha kumeza. Niliyameza miaka minne, ya mwisho nikiwa Somalia.

Sitausimulia mlipuko. Watu huutaka sana, nami nimegundua kwamba wakishaupata huondoka. Gari letu lilikanyaga kitu kilichozikwa njiani. Wenzangu wawili hawakurudi. Mimi nilirudi na uti wa mgongo uliopondeka kwa chini. Ugonjwa ninaotaka kuuandika ulianza baadaye, pale watu walipoacha kunipigia saluti.

Niliruhusiwa kwenda nyumbani masika yakianza. Mguu wangu wa kushoto ulikuwa kama wa kuazima: asubuhi ulinitii, ikifika saa sita ukawa mzigo, na alasiri niliuburuta kama gunia. Niliweza kutembea hatua ishirini nikiwa nimenyooka sawasawa, mradi nikaze meno. Hatua ya ishirini na moja hakuna aliyeijua ila mimi na ukuta.

La pili ni mkojo. Nimeliandika. Kulitamka kwa sauti kulinichukua zaidi ya mwaka, kwa hiyo niwie radhi nikilirudia mara kwa mara, najifanyia mazoezi. Kibofu changu hakinipi habari. Hujaa kimya kimya, na kisipotolewa maji hurudi kwenye figo. Hivyo mara tano kwa siku, mpaka leo, napitisha mpira mwembamba mwenyewe, nausubiri mkojo utoke, nauchomoa. Kila mara mpira mpya.

Aliyenifundisha ni Sista Mwende wa hospitali ya Msambweni, Mkamba aliyezaliwa Shimba Hills, ambako babu yake alipewa shamba zamani. Nilipouona mpira ule nilimwuliza kama hakuna mwanamume wa kunifundisha.

"Yuko likizo," alisema. "Na kibofu chako hakijui mimi ni nani. Osha mikono."

Nikaosha.

"Bakari, hiyo ni kuosha ama ni kuyasalimia maji? Rudia."

Nilirudia mara nne. Siku ya tatu niliweza bila kutetemeka, naye akanipigia makofi mawili tu, kavu, kisha akaita mgonjwa mwingine. Makofi yale mawili yalinifaa kuliko hotuba zote nilizowahi kupewa.

Nyumbani sikusema. Boksi la mipira nililiweka juu ya kabati, na mamangu alipouliza nilimwambia ni dawa za mgongo. Tulibaki wawili katika nyumba ile tangu babangu afariki. Msichana tuliyechumbiana naye alikuja mara tatu, na mara zote tatu nilimwambia sijambo, naendelea. Mara ya nne hakuja. Sikumlaumu. Mtu anayeambiwa hakuna shida atajuaje mahali pa kushika?

Bodi ya kwanza ilikaa Mombasa. Nilivuka feri nikiwa nimesimama, nisikunje suruali. Nilikaa benchi kwa saa nne, nikaenda chooni mara moja kwa siri na mpira mfukoni kama mwizi. Nilipoitwa, niliuegemeza mkongojo wangu ukutani, nje ya mlango. Hakuna aliyeniamuru. Ilikuwa ni ile miaka minne: mbele ya wakubwa huingii ukiwa umeinama.

Ndani walikuwa watatu. Mwenyekiti, bwana mnene aliyekuwa akifunua faili langu. Daktari kijana kutoka bara. Na mama mmoja mtu mzima, amevaa buibui, umri wa mamangu kabisa, kalamu mkononi.

Inabidi nieleze jambo hapa, kwa sababu wasomaji wengine si wa Pwani. Kwetu mtu akikusabahi, jibu la kwanza si habari. Ni adabu. Hata aliyefiwa ukimwuliza hujambo atakujibu salama, ndipo aongeze: ila baba hatunaye tena. Anayeanza na maumivu yake kabla ya salama ni mtu asiyefunzwa. Nimelijua hilo kabla sijajua kuvaa viatu.

"Habari yako, kijana?" aliuliza daktari.

"Njema, daktari."

"Mguu je?"

"Alhamdulillahi, unaendelea."

Nilingoja aniulize tena, ili nifike kwenye ile 'ila' yangu. Mtu wa kwetu angeuliza. Yeye aliandika.

"Kuna shida nyingine yoyote?"

Nilimtazama yule mama. Habari za mkojo, mbele ya mtu ambaye ningemkuta barabarani ningempa shikamoo na kumbebea kikapu?

"La. Nashukuru."

"Tembea mpaka dirishani urudi."

Nilitembea hatua kumi na moja, nzuri, za gwaride.

Barua ilifika baada ya wiki kadhaa. Ilisema natembea bila msaada na sina malalamiko mengine. Nilikuwa katika kundi la chini kabisa la ulemavu, na matibabu yangu kwa upande wa jeshi yamefungwa. Niliisoma kama nilivyofundishwa kusoma nyaraka, nikitafuta uongo. Haukuwamo hata katika neno moja. Kila kilichoandikwa nilikuwa nimekisema mimi mwenyewe.

Kufungwa kwa matibabu kulimaanisha mipira imekwisha. Iliyobaki nilianza kuichemsha na kuirudia. Sista Mwende alikuwa ameniambia wazi kwamba kwangu mimi, hiyo ni kujitia sumu kidogo kidogo. Nilijua. Nilichemsha tu, kwenye sufuria niliyoificha chini ya kitanda, mamangu akiwa shambani.

Kaskazi ilipokolea na joto likawa halina huruma, Ramadhani ikaingia, na homa nayo ikaingia. Siku ya tano ya mfungo nilikuwa natetemeka juani. Jirani alinipakia kwenye gari lake, na nilipozinduka nilikuwa wodini Msambweni, dripu mkononi, na ubavuni mwa kitanda unaning'inia mfuko wa mkojo wenye rangi ya chai.

Mamangu alikuwa ameketi upande uleule wa mfuko. Baada ya muda alivua leso yake ya juu, akaufunika ule mfuko vizuri, kama afunikavyo sinia la futari, akaendelea na tasbihi yake. Tangu siku hiyo tukawa watu wawili tunaojua na wawili tunaojifanya hatujui.

Nilipopata nafuu nilipangiwa mazoezi ya viungo kila Jumanne na Ijumaa. Chumba kilikuwa kidogo, na nje yake benchi moja la mbao. Utaratibu ulikuwa wa kusogea: mmoja akiitwa, wote mnasogea kitako kimoja. Siku ya kwanza nilisita, nikiogopa kuubana mguu.

"Sogea, mwanajeshi," alisema mama mmoja nyuma yangu. "Benchi halina cheo."

"Umejuaje kama ni mwanajeshi?"

"Umekaa kama umemeza mwiko."

Watu walicheka, na mimi nikacheka, mara ya kwanza kwa muda mrefu. Jina lake Mama Athumani, wa Majoreni. Magoti yake yalikuwa yamevimba, naye alikuwa amehamia kwa dadake hapo Msambweni ili awe karibu na matibabu. Kwa wiki tatu tulisogea pamoja. Aliniletea viazi vya karai, nami nilimsomea maandishi ya kwenye kadi yake. Alinitania kwamba mguu wangu ni mvivu kuliko marehemu mumewe. Wiki ya nne ndipo aliponiuliza niliumia wapi.

"Somalia."

Alikuwa akiikunja na kuikunjua ncha ya leso. Akaacha.

"Mwanangu yuko huko," alisema.

"Kikosi gani?"

"Upande wa pili."

Wale wawili waliokuwa mbele yetu walianza kutazama sakafu. Mama Athumani hakushusha sauti.

"Aliondoka miaka sita iliyopita, akaniambia amepata kazi Lamu. Alikuwa na mikono mizuri Athumani. Redio zilizokufa alikuwa akizifufua. Siku hizi najiuliza, mikono ile inatengeneza nini." Akanigeukia. "Huenda ni yeye aliyekuzikia kile kitu, mwanangu. Sijui. Lakini sitaki uendelee kula viazi vyangu bila kujua."

Niliinuka. Mkongojo ulianguka, nikauokota kwa shida, nikaenda zangu kabla jina langu halijaitwa. Jumanne iliyofuata sikwenda, wala Ijumaa, wala wiki ya pili yake. Mguu ulirudi nyuma haraka. Nilikuwa nimekaa barazani nikiutazama unavyokonda, na kichwani nikizihesabu redio.

Alasiri moja tulisikia hodi. Alikuwa yeye, amekuja kwa pikipiki na kikapu cha korosho. Mamangu alikuwa ameshasikia ni mama wa nani, maana Msambweni habari haikai. Alisimama mlangoni, akafanya jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya kwa mgeni yeyote. Hakumkaribisha.

"Unataka nini kwetu?"

"Sitaki kitu, dada. Nimemfukuza mgonjwa kwenye benchi lake. Nimekuja kumwambia arudi. Siku zake ni Jumanne na Ijumaa, mimi nimeomba nihamishiwe Jumatano."

Hayo tu. Akaweka kikapu chini, akageuka. Alipofika kwenye ngazi mbili za baraza yetu ikambidi ashuke kinyumenyume, kitako kwanza, akishika nguzo, kwa sababu ya magoti. Mamangu alimtazama mpaka ngazi ya pili. Kisha akaingia ndani, akatoka na mkeka.

"Keti," alisema kwa hasira. "Hutaanguka kwangu watu waseme nimekusukuma."

Hapo ndipo nilipojua habari za Alhamisi. Nyuma ya nyumba ya dadake Mama Athumani, kina mama kumi na wawili hivi walikuwa wakikutana kila Alhamisi baada ya adhuhuri. Wengine watoto wao wamevuka mpaka. Wengine watoto wao wamechukuliwa na watu wasiojulikana, hawakuonekana mahakamani wala makaburini. Mmoja alikuwa Mkristo kutoka upande wa Mkongani, mjane wa askari polisi. Walijiita watu wa amani.

Neno hilo mimi nilikuwa silitaki hata kulisikia. Nilikuwa nimehudhuria warsha moja ya amani kwenye hoteli ya Diani, nikapewa fulana nyeupe, chupa ya maji na chakula cha mchana, na msemaji akatuonyesha picha ya njiwa. Nilimwuliza njiwa yule ni wa upande gani. Sikualikwa tena.

Kwa hiyo Alhamisi niliyokwenda, nikiwa nimesharudi kwenye benchi, mamangu akiwa nami kwa sababu hakuniamini peke yangu, nilianza na maswali.

"Mnafadhiliwa na nani?"

"Na korosho," alijibu mjane wa askari.

"Na hiyo amani ni ya nani? Ya serikali, ama ya wale jamaa?"

"Baba, wewe umesoma mpaka umechoka," alisema Mama Athumani. "Chukua jivu upake mikononi, shika jiwe ubangue."

Wote walikuwa wakibangua. Korosho zilizochomwa ziko katikati kwenye ungo, kila mtu na jiwe lake, jivu la kuzuia utomvu usichubue vidole. Baadaye nilielewa kwa nini walichagua kazi ile. Ukibangua korosho macho yako yako chini, na masikio yako wazi. Hakuna anayekutazama usoni unaposema.

Na walikuwa na kanuni yao. Mwenyeji wetu, Mama Athumani, alimsabahi kila mmoja kwa zamu, hujambo fulani, naye akajibu sijambo, kama kawaida. Zamu ilipokamilika, mwenyeji alianza upya kutoka mwanzo.

"Hiyo ilikuwa ya adabu," alisema. "Sasa ya pili."

Salamu ya pili haijibiwi kwa salama. Unajibu lililopo. Mmoja alisema wiki hiyo ameota anafua nguo za mwanawe na maji hayatakati. Mjane wa askari alisema amewachukia wote waliokaa pale tangu Jumatatu, na amekuja hivyo hivyo. Waliendelea kubangua.

Ikafika zamu ya mamangu. Nilidhani atasema yeye ni msindikizaji tu. Aligonga korosho moja, ikapasuka vibaya, akaitazama.

"Mwanangu hawezi kukojoa," alisema. "Anafanya kwa mpira. Anachemsha mpira uleule kwenye sufuria yangu ya maziwa, na mimi niliyemzaa nimeshindwa kumwuliza, kwa sababu nikimwuliza nitamvunjia heshima. Basi tunaiosha sufuria, yeye akishaificha chini ya kitanda mimi naitoa, naiosha tena na kuirudisha, na sote tunanyamaza."

Nilitaka kuinuka, lakini ilikuwa alasiri, na alasiri mguu wangu hauinuki. Nashukuru mguu kwa siku hiyo.

"Bakari," alisema Mama Athumani. "Ya pili."

Nikasema. Nilisema kuhusu mkojo, kuhusu hatua ya ishirini na moja, kuhusu bodi na mkongojo nilioegemeza ukutani. Nilisema kwamba kila Ijumaa nikisogea kwenye lile benchi najiuliza kama nimechoka kumchukia Athumani au nimechoka tu. Nilisema kwa muda mrefu, na sikumbuki kama sauti ilikuwa yangu. Nilipomaliza, mjane wa askari alinisogezea jivu.

"Paka tena," alisema. "Lako limekwisha."

Sikuponywa siku ile, na ukisikia mtu akikuhadithia kwamba kusema kulimponya, mwulize anakojoaje. Lakini jioni hiyo mamangu alilitoa boksi juu ya kabati akaliweka mezani, karibu na chumvi. Na sufuria ya maziwa ikarudi kwenye maziwa, mipira ikapata sufuria yake.

Nilianza kutembea nao. Walikuwa wakienda kwenye nyumba ambamo kijana ameanza kununuliwa simu na watu asiowataja, wakakaa na mama yake. Walikwenda kwenye baraza la chifu kuuliza wazi wazi waliochukuliwa wako wapi, na kudai kwamba anayerudi afikishwe mahakamani akiwa hai. Mimi niliandika barua zao, kwa sababu hilo ndilo nililosomea. Siku moja mwalimu wa shule moja ya upili alinitambulisha kwa wanafunzi kama shujaa. Niliweka mpira mezani, nikaeleza unaingia wapi na mara ngapi kwa siku. Msichana mmoja aliuliza kama ningerudi vitani nikiitwa. Nilimwambia nirudie nini, kwa mguu gani?

Mwenzangu mmoja wa kikosini alinitumia ujumbe: tunasikia unakaa na mama wa waliotulipua, umewasahau wenzetu? Nilikaa nao siku tatu bila kuujibu. Halafu niliandika: sijawasahau, ndiyo maana. Hakunijibu mpaka leo, na linaniuma.

Sista Mwende ndiye aliyenisukuma nikate rufaa. Aliandika ripoti ya kurasa tatu kwa mkono, kisha akampelekea daktari wake atie sahihi. "Wewe ukienda kule usiwe mzuri," aliniambia. "Kuwa mgonjwa. Si ndiyo kazi yako?"

Bodi ya pili iliketi kusi ikivuma. Nilitaka kwenda na shati lenye mikunjo, mamangu akakataa. "Ukweli hauna haja ya uchafu," alisema, akapiga pasi mwenyewe, akaja nami. Kwenye feri niliketi. Watu waliokuwa wamesimama walinitazama, kijana mzima amekaa, nami nikawatazama.

Mkongojo niliingia nao. Mamangu aliingia nyuma yangu akiwa amebeba mfuko wa plastiki. Walikuwa wale wale watatu. Mwenyekiti alifunua faili, akatoa karatasi moja, akaisoma kabla hata hatujaketi.

"Hapa kuna taarifa kwamba unashirikiana na familia za magaidi."

Mkono wa mamangu ulikaza juu ya mfuko. Nilikuwa nimejua kwamba huenda wakaliuliza hilo, na kwamba jibu langu huenda likafunga faili moja kwa moja. Bila mipira mipya, homa ingerudi kaskazi ijayo, na daktari wa Msambweni alikuwa ameniambia kwamba figo moja tayari imeanza kuchoka.

"Nakaa na mama mwenye magoti mabovu, bwana," nilisema. "Tuko benchi moja hospitalini. Kama kuna fomu inayokataza, nionyesheni niisome."

Mwenyekiti aliiweka ile karatasi chini ya faili. Yule daktari kijana akakohoa.

"Habari yako, Bakari?" aliuliza.

"Njema, daktari. Hiyo ni ya adabu. Sasa niulize ya pili."

Aligeukia faili langu, hajui afanye nini. Ni yule mama wa buibui aliyeelewa. Aliweka kalamu mezani.

"Ya pili je, mwanangu?"

"Mimi ni mgonjwa," nilisema. "Sikojoi bila mpira. Natembea hatua ishirini, na mlizozipenda mara ile zilikuwa kumi na moja."

Mamangu alifungua mfuko akaipanga mipira mezani, ile iliyochemshwa mpaka ikawa ya manjano, mmoja baada ya mwingine, kama anayepanga samaki sokoni. Hakuna aliyemzuia.

"Mbona hukusema mara ya kwanza?" aliuliza yule mama.

"Una umri wa mamangu."

"Na leo nina umri gani?"

"Uleule. Ila leo nimekuja naye."

Aliinamia karatasi. Niliona mabega yake yakitikisika kidogo, nikadhani analia, kumbe anacheka. Kisha akawa hacheki, akaandika. Waliniambia nitembee. Nilitembea mpaka hatua ya ishirini na moja, nikaacha mguu ufanye unachofanya. Daktari kijana alinidaka kwapani.

Barua ilikuja msimu wa korosho. Kundi langu limebadilishwa, matibabu yamefunguliwa, na mipira huletwa kila mwezi, mipya, kwenye boksi linalokaa karibu na chumvi. Mguu haukubadilika. Watu wananiambia nishukuru. Mungu nimemshukuru, na Sista Mwende nimempelekea kikapu. Bodi sikuishukuru. Walichonipa kilikuwa changu tangu siku ya kwanza, na nilikikosa kwa sababu nilikuwa na adabu. Wewe unayekwenda, usiiache adabu yako. Ingia nayo, sema salama yako, kisha wasubirishe mpaka wasikie ya pili. Wasipouliza, uliza mwenyewe.

Ijumaa iliyopita nilimkuta Mama Athumani kwenye benchi. Alirudi kwenye siku zake. Mimi ndiye niliyemwombea. Nilisogea, kitako kimoja.

"Hujambo, mama?"

"Sijambo, mwanangu."

"Na ya pili?"

Alikuwa akiikunja ncha ya leso, akaikunjua. Kwake yeye hakuna bodi, hakuna fomu, hakuna kundi la juu wala la chini. Alhamisi tumeanza kuandika fomu moja wenyewe, ya kina mama wote kumi na wawili, tutaipeleka, wapende wasipende.

"Ya pili bado," alisema.

Jina langu liliitwa. Nilimwashiria aliyekuwa nyuma yetu atangulie.